Usikimbilie Kupiga Window

Benchi langu la kutengeneza laptopu liko Mwenge, Dar es Salaam, na sentensi ninayoletewa kuliko zote ni hii: "Dada fundi, nimeambiwa mashine inataka kupigwa window." Mwenyewe hajasema ina shida gani. Nikimbana, anasema waifai haishiki. Nikimuuliza habari ya window kaitoa wapi, ni kwa mwenzake wa hosteli, au kwa shemeji yake, au kwa fundi wa kwanza aliyekwisha kuipiga hiyo window, akamfutia picha za harusi pamoja na rasimu ya utafiti, akamrudishia mashine tupu ambayo waifai bado haishiki.

Kupiga window, yaani kufuta Windows na kuiweka upya, ni kazi halali, nami naifanya. Lakini kati ya ukurasa unaotaka kuusoma na kioo cha laptopu yako kuna mambo mengi: mkongo uliolala baharini, kampuni inayokuuzia bando, ruta, kuta za nyumba, antena, kadi ya waifai, draiva, Windows, anwani, hata saa ya mashine. Windows ni moja tu katika orodha hiyo. Anayeifuta kabla hajajua tatizo limekaa wapi anabahatisha, na gharama ya kubahatisha kwake unailipa wewe.

Kujua limekaa wapi hakuhitaji bisibisi, na mara nyingi hakuhitaji hela. Kunahitaji utaratibu, na tabia ya kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili mambo matano kwa mpigo na mtandao ukarudi, hutajua ni lipi lililoponya, na likijirudia utaanza upya.

Simu ndiyo kipimo cha kwanza

Maji yakikatika bombani, mtu mwenye busara hang'oi koki. Anachungulia kwanza kwa jirani. Jirani naye akiwa mkavu, tatizo liko bomba kuu; jirani akiwa anateka, tatizo ni la kwako. Laptopu nayo ina jirani, na jirani huyo ni simu uliyoishika mkononi.

Fanya vipimo viwili. Cha kwanza, unganisha simu kwenye waifai ileile inayokusumbua na ufungue ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Zima data ya simu kabla ya hapo, la sivyo simu itapitia bando lake yenyewe na kukudanganya kwamba waifai ni nzima. Cha pili, washa hotspoti ya simu na uiunganishe laptopu hapo.

Majibu ya vipimo hivyo yanakupunguzia nusu ya kazi. Simu na laptopu zote zikishindwa kwenye waifai ya nyumbani, laptopu haina kosa. Nenda kwenye ruta. Simu ikifungua lakini laptopu ikashindwa kwenye waifai na kwenye hotspoti pia, tatizo limo ndani ya laptopu. Laptopu ikifungua vizuri kwa hotspoti na kugoma kwa waifai ya nyumbani tu, mashine ni nzima na ruta ni nzima, ila hazielewani, na hapo dawa huwa ni mpangilio wa kurekebisha na si kifaa cha kubadili.

Watu wengi huchanganya waifai na intaneti. Waifai ni redio ya masafa mafupi baina ya laptopu na ruta. Intaneti ni kile kinachoingia kwenye ruta kutoka nje. Ndiyo maana bando likiisha, ruta yako ya laini ya simu huendelea kurusha waifai kwa nguvu zote, vile vibao vya mawimbi vimejaa, na hakuna kinachofunguka. Kabla ya kubeba mashine kuja Mwenge, angalia salio. Kama una faiba, tazama taa ya ruta yenye herufi LOS: ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa chako, na wa kumpigia ni kampuni inayokuhudumia, si mimi.

Kuizima ruta na kuiwasha husaidia kweli, mradi uifanye sawasawa. Chomoa umeme, subiri kama nusu dakika, chomeka, kisha iache itulie dakika chache. Usiingize pini kwenye kile kitundu cha nyuma. Kitundu hicho hufuta mipangilio yote, ikiwemo ile iliyowekwa na kampuni, na baadaye utasubiri mtu wao aje kuirudisha.

Kuna siku tatizo huwa ni la nchi nzima. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile nililetewa laptopu ambazo hazikuwa na kasoro hata moja. Wenyewe walisisitiza kwamba "jana ilikuwa inashika." Wangemuuliza mtu wa mtaa mwingine mwenye kampuni nyingine ya simu, wangeokoa nauli.

Haioni mtandao wowote

Sasa tuseme vipimo vimeonyesha kwamba laptopu ndiyo yenye shida. Hapa nasikiliza mteja anavyolalamika, kwa sababu kutoona mtandao, kutoushika, kuushika bila kufungua, na kukatakata ni matatizo manne yenye vyanzo tofauti.

Isiyoona mtandao hata mmoja, hata wa majirani, mara nyingi redio yake imezimwa. Tazama kona ya chini ya kioo: ukiona kialama cha ndege, mashine iko katika hali ya ndegeni. Kwenye kibodi kuna kitufe chenye picha ya mnara au ndege, mara nyingi kati ya vile vya F, na kwenye baadhi ya HP kitufe hicho kina kitaa kinachogeuka rangi ya machungwa redio ikizimwa. Mtoto akichezea kibodi, ndicho anachogusa. Laptopu za zamani zina swichi ndogo pembeni au mbele, ambayo husogea mashine ikiingizwa kwenye begi. Nimepokea mashine za wahasibu na za walimu ambazo dawa yake ilikuwa kusukuma swichi hiyo kwa ukucha.

Redio ikiwa imewashwa na bado mashine haioni kitu, bonyeza kulia kitufe cha Windows, chagua "Device Manager", kisha fungua sehemu ya "Network adapters". Unatafuta jina la kadi ya waifai. Likiwepo na pembetatu ya njano, draiva ina hitilafu. Likiwa halipo kabisa, tazama kama na Bluetooth nayo imetoweka. Katika laptopu nyingi, waifai na Bluetooth zimo kwenye kadi moja. Zikipotea pamoja, ujue mashine haiioni kadi yenyewe.

Kabla ya kuihukumu kadi, zima laptopu kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha kandamiza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Chaji iliyobaki kwenye saketi hutoka, na kadi iliyoganda huzinduka. Dawa hii ni ya bure na haina madhara, na huwashangaza wateja kuliko kazi nyingine yoyote ninayoifanya.

Kwa draiva, swali linaloulizwa kila siku ni hili: nitaipakuaje draiva ya waifai bila intaneti? Jibu ni waya wa USB wa simu. Chomeka simu kwenye laptopu, na katika mipangilio ya hotspoti washa njia ya kugawa mtandao kwa USB. Laptopu itapata intaneti bila kuigusa kadi ya waifai. Pakua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, kwa namba kamili ya modeli iliyoandikwa kwenye kitako. Zile programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mpigo, ziache. Nyingi huleta matangazo na draiva isiyo yake, na baada yake kazi yangu huongezeka.

Inaona ya majirani, ya kwako haioni

Hili limeongezeka tangu watu waanze kununua ruta mpya huku laptopu zikiwa za mtumba. Waifai ya kawaida husafiri kwenye masafa mawili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. La kwanza hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi. La pili lina kasi zaidi lakini huchoka mapema. Laptopu nyingi za zamani zina redio ya 2.4 peke yake. Ruta ikipangwa irushe 5 tu, kwa mashine hiyo ni kama ruta haipo, ilhali simu yako mpya inaiona bila taabu.

Kujua mashine yako ina nini, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye lile dirisha jeusi andika:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari wenye orodha ya namba za 802.11. Ukiona b, g na n tu, bila a wala ac wala ax, mashine yako ni ya 2.4 pekee. Suluhisho liko upande wa ruta: washa masafa yote mawili, ikiwezekana kwa majina tofauti ili ujue unashika lipi. Kwa hotspoti ya iPhone 12 au mpya zaidi, kuna swichi iitwayo "Maximize Compatibility"; ukiiwasha, simu hurusha 2.4 na laptopu ya zamani huiona.

Ndugu wa tatizo hili ni laptopu kuiona ruta, kupewa neno la siri sahihi, na bado kukataliwa. Ruta mpya huweza kupangwa kutumia ulinzi wa WPA3 peke yake, uliotangazwa mwaka 2018, na kadi za zamani haziujui. Panga ruta ikubali WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Lakini kabla ya kufika huko, iambie laptopu iusahau mtandao huo, kisha iunganishe upya. Katika nyumba za kupanga sababu huwa nyepesi: mwenye nyumba amebadili neno la siri kwa kuwa mpangaji wa chumba cha uani hajachangia, na laptopu inaendelea kubisha kwa neno la zamani.

Inashika lakini haifungui

Hapa ndipo watu wengi hupigiwa window bila sababu. Mashine imeunganishwa, pembeni imeandika "No internet", na kivinjari kinazunguka tu. Mimi hufungua lile dirisha jeusi na kupanda ngazi moja moja.

Kwanza naandika ipconfig, kisha natazama anwani ya mashine. Ikianza na 169.254, ruta haijaipa laptopu anwani, na laptopu imejipachika ya kwake ambayo haiifikishi popote. Kila kifaa kinachoingia kwenye waifai hupewa anwani na ruta, na ruta ina idadi maalumu ya kugawa. Hosteli zilizojaa wanafunzi, kila mmoja na simu yake na laptopu yake, huzimaliza. Andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew. Ikishindikana, zima ruta na uiwashe, au punguza watu.

Anwani ikiwa ya kawaida, mfano inayoanza na 192.168, nachukua namba iliyo mbele ya "Default Gateway", ambayo ndiyo ruta yenyewe, naandika ping na namba hiyo. Yakirudi majibu, njia ya hewani mpaka kwenye ruta ni nzima. Kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni kompyuta za Google zilizoko nje kabisa. Yakirudi majibu, intaneti ipo. Mwisho ping google.com. Namba ikijibu na jina likagoma, kilichokwama ni DNS, yaani huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kwenye mipangilio ya kadi ya waifai weka DNS ya 8.8.8.8, ambayo Google waliifungua mwaka 2009, au 1.1.1.1 ya Cloudflare, iliyoanza mwaka 2018. Kwa ngazi hizo tatu unajua mtandao umeishia wapi, na hujafuta hata faili moja.

Ngazi zote zikijibu na kivinjari bado kinagoma, tazama saa ya mashine. Tovuti salama huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Laptopu ikiamini tuko mwaka 2012, kila cheti cha leo inakiona bado hakijaanza kutumika, na kivinjari kinakuonya kwamba muunganisho si wa faragha. Laptopu nyingi za mtumba zimekaa ghalani muda mrefu, na ile betri ndogo ya saa, aina ya CR2032 kwa nyingi za zamani, imekufa. Chaja ikichomolewa na betri kubwa ikiisha, tarehe inarudi nyuma. Unaweza kuirekebisha saa kwa mkono leo, lakini kesho itarudi. Betri ndiyo ya kubadili, nayo ni ya bei ndogo.

Wengine wamesahau VPN ikiwa imewashwa na muda wake umekwisha, au mashine ilitumika ofisini na ikaachwa na mpangilio wa proksi unaoielekeza kwenye seva ambayo nyumbani haipo. Zima vyote viwili, ujaribu tena. Hotelini, uwanja wa ndege na baadhi ya vyuo, waifai hukushika lakini hukuzuia mpaka ujaze ukurasa wa kuingilia. Ukurasa huo usipojitokeza wenyewe, zima VPN, rudisha DNS iwe ya kujipanga yenyewe, kisha andika kwenye kivinjari http://www.msftconnecttest.com/redirect. Anwani hiyo ni ya Microsoft. Windows yenyewe hujipima kwa kuomba faili dogo la maandishi kwenye tovuti hiyohiyo, na isipolipata ndipo inapoandika kwamba hakuna intaneti. Kwa hiyo yale maandishi ni matokeo ya kipimo kimoja tu, na yapo mazingira ambamo Windows inalalamika huku kurasa zinafunguka.

Kama yote haya hayajafua dafu, futa kumbukumbu za DNS kwa ipconfig /flushdns, kisha fungua dirisha jeusi kwa mamlaka ya msimamizi na uandike netsh winsock reset, uiwashe mashine upya. Windows 10 na 11 zina pia kitufe cha "Network reset" kwenye mipangilio. Kinafuta mitandao yote uliyohifadhi pamoja na maneno yake ya siri, kwa hiyo yaandike pembeni kwanza. Picha zako na faili zako hazitaguswa.

Inakatakata

Hili ndilo linalonipendeza kama fundi, kwa kuwa chanzo chake kinaweza kuwa ukuta, jiko, ruta ya jirani au waya mwembamba usioonekana.

Anza kwa kupima. Andika netsh wlan show interfaces, tazama mstari wa "Signal". Hiyo ni asilimia ya nguvu ya mawimbi. Pima ukiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta, kisha chumbani unapofanyia kazi. Hatua mbili kutoka kwenye ruta inatakiwa iwe karibu na 100. Ikiwa hapo ni nzuri na chumbani imeshuka sana, nyumba ndiyo inayokula mawimbi. Ikiwa hata hapo iko 30 au 40, antena ya laptopu ina walakini.

Nyumba hula mawimbi kwa namna nyingi. Ukuta wa matofali ya saruji hupunguza, zege lenye nondo hupunguza zaidi, na bati huyarudisha yalikotoka. Kioo cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake. Tangi la maji lililokaa katikati ni kikwazo kizito. Na watu wengi huificha ruta nyuma ya televisheni au chini ya meza kwa sababu nyaya zake zinachafua sebule. Ipandishe juu ya kabati, iwe wazi, katikati ya nyumba kadiri inavyowezekana.

Niliwahi kuitwa na mama mwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Zanzibar. Wageni walikuwa wakirusha lawama kwa laptopu zao, naye akirusha kwa ruta. Nyumba za kule kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene ajabu, na vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu. Kwa hiyo kila baada ya hatua chache mawimbi hukutana na ukuta mwingine mnene. Hakuna kiasi cha kupiga window kinachoweza kupenya ukuta wa namna ile. Tulivuta kebo kutoka kwenye ruta ya chini, tukapandisha kwa ngazi, tukafunga ruta ya pili ghorofani. Wageni wakaacha kulalamika.

Majirani nao wana mchango. Masafa ya 2.4 yamegawanywa katika chaneli, na ambazo hazigongani ni tatu: 1, 6 na 11. Kwenye maghorofa ambako kila mlango una ruta, wote wakiwa chaneli 6, wanazungumza kwa wakati mmoja. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, anwani yake huandikwa kwenye kibandiko cha chini, uchague chaneli yenye nafasi, au hamia masafa ya 5 kama mashine inayo. Oveni ya mikrowevu nayo hutumia masafa ya karibu na gigahezi 2.45. Ikiwa mtandao hukatika wakati mtu anapasha chakula, umeshampata mhalifu.

Laptopu inayokatika ikiwa kwenye betri tu na kutulia ikichomekwa chaja inabana matumizi ya umeme. Kwenye "Device Manager", fungua kadi ya waifai, na kama kuna kichupo cha "Power Management", ondoa alama inayoiruhusu Windows kuizima kadi ili kuokoa nguvu.

Sasa antena. Watu hudhani antena ya laptopu iko kwenye kadi. Haiko. Kadi iko chini, kwenye mazabodi, na kutoka hapo hutoka nyaya mbili nyembamba, aghalabu mmoja mweusi na mmoja mweupe, zikapita ndani ya bawaba mpaka kwenye antena zilizojificha kuzunguka kioo. Bawaba ikivunjika, waya hubanwa na kukatika. Kioo kikibadilishwa, fundi mwenye haraka husahau kuurudisha. Viunganishi vyake ni vya milimita mbili hivi, na vikichomolewa mara nyingi huregea. Laptopu ya namna hiyo hushika mtandao ukiwa pembeni ya ruta, hukata ukienda chumbani, na wakati mwingine hurudi ukigeuza kioo kwa pembe fulani. Ukiona inabadilika unapofungua na kufunga kioo, usiguse mipangilio yoyote. Na kama shida imeanza baada ya kubadilishiwa kioo, rudi kwa aliyekibadilisha, umwambie: angalia nyaya za antena.

Lini kupiga window ni haki

Nina kipimo kimoja kinachomaliza ubishi, na fundi yeyote anaweza kukifanya mbele yako. Weka Ubuntu kwenye flashi, washa laptopu kwa flashi hiyo, uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Diski ya mashine haiguswi. Waifai ikishika na kufungua kurasa hapo, kadi ni nzima na antena ni nzima. Mgomvi ni Windows au draiva yake, na kama draiva imeshawekwa upya bila mafanikio, kupiga window kuna maana. Waifai isiposhika hata hapo, window mpya haitakusaidia kitu. Tahadhari moja tu: baadhi ya kadi za Broadcom huhitaji draiva ya ziada ndani ya Ubuntu, hivyo fundi aitazame kadi kabla ya kutoa hukumu.

Kadi ikithibitika kuwa mbovu, katika laptopu nyingi inabadilishwa kwa skrubu moja. Uliza kwanza kama mashine yako inachagua kadi. ThinkPad za zamani, ukiziwekea kadi ambayo haziitambui, hugoma kuwaka na kuandika kosa namba 1802. Baadhi ya HP za enzi hizo nazo zina ukali huo. Kwenye laptopu nyembamba za siku hizi, nyingine zina kadi iliyochomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi. Kwa hizo, adapta ndogo ya waifai ya USB ni nafuu kuliko kuchokonoa mazabodi, na inafanya kazi siku hiyohiyo.

Ukija kwangu, au kwa fundi mwingine yeyote, njoo na majibu manne kwenye karatasi: simu inafungua kwenye waifai hiyo au haifungui, laptopu inashika hotspoti au haishiki, tatizo lilianza lini na kabla yake kulifanyika nini, na asilimia ya mawimbi ukiwa karibu na ruta. Hamisha faili zako muhimu kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu mashine iliyoko mikononi mwa mtu mwingine lolote linaweza kuitokea. Kama kadi itabadilishwa, omba upewe ya zamani. Na uje na chaja yako.